Daftari la Msitu: Historia Fupi ya Utafiti kutoka Lindi hadi Yangambi

Mto Lindi hupita Bafwasende, hupokea maji ya Tshopo karibu na Kisangani, kisha huingia katika mto Kongo. Anayefuata maji hayo na kuendelea chini hadi Yangambi huwa amepita, pengine bila kujua, katika mojawapo ya maeneo ambayo yametajwa sana na wanasayansi wa tiba na wa udongo katika Afrika ya Kati. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi utafiti ulivyofanyika katika eneo hilo na majirani zake tangu miaka ya 1930. Hoja yetu ni moja. Utafiti haumaliziki siku matokeo yanapopatikana. Hudumu pale tu kumbukumbu zake zinapotunzwa, na watu wa mahali ulipofanyika wanapoelezwa kwa lugha wanayoielewa.

Tuanze na tiba. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, Maabara ya Tiba ya Stanleyville, chini ya daktari Ghislain Courtois, ilishirikiana na Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar ya Marekani kujaribu chanjo ya polio ya kumeza. Kando ya mto Lindi, karibu na mji, ilijengwa kambi ambamo mamia ya sokwe walifungiwa kwa ajili ya majaribio. Mwaka 1958 watu zaidi ya 200,000 walipewa chanjo hiyo katika bonde la Ruzizi. Uhuru ulipofika, kambi ilifungwa na habari zake zikatawanyika.

Penye pengo la kumbukumbu huingia dhana. Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alichapisha kitabu kikubwa akidai kwamba chanjo hiyo ilitengenezwa kwa seli za sokwe wa Lindi, na kwamba ndiyo iliyowaletea binadamu UKIMWI. Dai lilikuwa zito, na halikustahili kujibiwa kwa kejeli. Mwanzoni mwa mwaka 2000, William Hamilton na Michael Worobey walikuja Kisangani, wakaingia msituni kukusanya kinyesi cha sokwe. Hamilton aliugua malaria katika safari hiyo, akafa mwezi Machi mwaka ule. Jibu lilichapishwa mwaka 2004: virusi vya sokwe wa misitu ya karibu na Kisangani ni vya ukoo mwingine kabisa, mbali na ule wa virusi vya UKIMWI vilivyoenea duniani. Akiba za zamani za chanjo nazo zilipimwa, wala hazikuonekana na chembe za sokwe.

Ushahidi mwingine ulitoka Kinshasa. Katika chuo kikuu cha huko kilihifadhiwa kipande kidogo cha mwili wa mgonjwa, kilichogandishwa ndani ya nta mwaka 1960. Worobey na wenzake, wakiwamo watafiti Wakongo, walikisoma. Walipokilinganisha na sampuli nyingine kwa msaada wa kompyuta, walikadiria mwaka 2008 kwamba ukoo wa virusi hivyo ulianza kuenea miongoni mwa binadamu kati ya miaka ya 1884 na 1924, yaani miongo kadhaa kabla ya chanjo ya Lindi. Msomaji azingatie jambo hili: aliyekiweka kipande kile hakujua kitatumika kujibu swali gani. Alikitunza tu.

Yangambi inatupa mfano wa pili. Taasisi ya INEAC iliundwa mwaka 1933, na makao yake yakawekwa hapo, kilomita 100 hivi magharibi ya Kisangani. Ndipo Beirnaert na Vanderweyen walipoonyesha, mwaka 1941, kwamba michikichi yenye kokwa la ganda jembamba huzaliwa kwa kuchanganya yenye ganda nene na isiyo na ganda. Mafuta mengi ya mawese yanayouzwa leo duniani yanatokana na ugunduzi huo. Kuanzia mwaka 1937, kwa miaka ishirini hivi, wapimaji wa Yangambi waliandika pia kwa mkono siku ambazo mti huu au ule ulichanua, ulizaa au ulipukutisha majani. Baada ya uhuru madaftari hayo yalikaa kimya. Katika muongo wa 2010 yalipigwa picha, na watu wa kujitolea wa nchi nyingi wakayanakili kupitia intaneti, yakawa takwimu ambazo kompyuta inaweza kuzichambua. Kwa hiyo kalamu ya mwaka 1937 inatusaidia sasa kujua kama majira ya msitu yamebadilika.

Fizikia nayo ina historia yake nchini. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium, kikiongozwa na padri mwanafizikia Luc Gillon, kiliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika. Hata hivyo fizikia iliyotukaribia zaidi ni ile ya Yangambi, ambako mnara wa mita 55 ulianza kazi mwaka 2020 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Ghent na INERA, taasisi iliyorithi INEAC. Vyombo vilivyo juu yake hupima mwendo wa upepo na kiasi cha hewa ya kaboni mara nyingi katika kila sekunde, ili kujua msitu unavuta kiasi gani na unatoa kiasi gani.

Chini ya mnara upo udongo. Mgeni hudhani kwamba msitu mkubwa huota juu ya ardhi tajiri. Sivyo. Udongo mwekundu wa kwetu umechujwa na mvua za maelfu ya miaka, na chakula cha miti kimo katika tabaka jembamba la majani yaozayo. Mti wa mbau, unaotawala sehemu kubwa za misitu ya Ituri na jirani zake, umeshirikiana na kuvu walio katika mizizi yake. Majani yake huoza polepole, na miche ya miti mingine hushindwa kuota katika zulia lake. Upande wa magharibi, katika vinamasi vya bonde la kati, mabaki ya mimea hayaozi kikamilifu kwa kukosa hewa. Ramani ya kwanza kamili ya vinamasi hivyo, iliyochapishwa mwaka 2017, ilikadiria kaboni ya tani bilioni 30. Kazi ya mwaka 2022, ambayo watafiti wa Kisangani walishiriki, ilipanua eneo lake hadi kilomita za mraba 167,600.

Miongoni mwao ni Profesa Corneille Ewango. Wakati wa vita alikuwa Epulu, kwenye barabara ile ile inayopita Bafwasende. Askari walipopora hifadhi, yeye alificha mimea iliyokaushwa, kompyuta na takwimu za miti, kisha akajificha mwenyewe msituni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman. Tunamtaja kwa sababu yeye alitunza daftari la msitu kwa kuhatarisha roho yake.

Turudi katika tiba. Mwaka 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe alichukua damu ya wagonjwa huko Yambuku bila glavu. Damu ilipelekwa Antwerp, na ugonjwa ukapewa jina la mto Ebola. Miongo minne baadaye mambo yaligeuka. Kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, Muyembe na wenzake wa Marekani walipata dawa iliyojaribiwa mashariki ya Kongo kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, pamoja na dawa nyingine tatu, kwa wagonjwa 681. Kati ya waliopewa dawa hiyo walikufa asilimia 35 hivi, hali katika kundi la kulinganishia walikufa nusu. Iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2020. Lakini ugonjwa ule wa 2018 hadi 2020 uliua watu 2,287, na mojawapo ya sababu zilizotajwa mara nyingi ni kutoaminiana kati ya wananchi na waganga.

Hapa ndipo mwanaisimu ana la kusema. Neno "dawa" kwetu ni tiba, ni sumu ya wadudu, ni hirizi pia. "Chanjo" limetokana na kuchanja, tendo ambalo mganga wa kijiji hulifanya kwa wembe. "Jaribio" limezaliwa na kitenzi kilichozaa "jaribu", na Mkristo wa Bafwasende huomba kila siku asitiwe katika majaribu. Tukimwambia mama mmoja kwamba mwanawe atapewa "dawa ya majaribio", tumemwambia nini? Vivyo hivyo, kijana anayetoboa ardhi kwa bomba la chuma kando ya barabara yetu, asipoeleza kazi yake, wenyeji watasema anatafuta almasi. Na hawana kosa, kwa kuwa wachimbaji wa almasi ndio waliowazoea.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila tasnifu ya tiba, fizikia, kompyuta au udongo inayotetewa chuoni iwe na kurasa mbili za Kiswahili, zilizosomwa kwanza na mtu asiye wa fani hiyo, kisha zipelekwe mahali sampuli zilikochukuliwa. Kurasa mbili si mzigo. Historia ya Lindi imeonyesha kwamba jambo lisiloelezwa na aliyelifanya hueleza wengine kwa niaba yake, na kulisahihisha huchukua miaka arobaini.