Rangi ya mwanga na usingizi: Handeni na Korogwe

Rangi ya mwanga huathiri usingizi hasa kwa njia moja: sehemu ya bluu iliyomo ndani ya mwanga, ikiingia jichoni usiku, huuarifu ubongo kwamba bado ni mchana. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Hale, wilayani Korogwe, kuna mitambo ya umeme wa maji ya Mto Pangani iliyoanza kazi mwaka 1964, yenye uwezo wa megawati 21, lakini kwa miongo mingi baadaye vijiji vingi vya pande hizo viliendelea kuwasha koroboi na chemli. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na umeme ulipofika kijijini, au sola na tochi za betri zilipotangulia, mara nyingi balbu ya kioo yenye waya unaowaka ilirukwa. Watu wengi walitoka kwenye moto wa mafuta ya taa wakaingia moja kwa moja kwenye LED nyeupe, yaani kutoka mwanga wenye bluu kidogo sana hadi ule wenye bluu nyingi. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba rangi peke yake haitoshi kueleza kinachotokea. Kinachoamua ni kiasi cha bluu kinacholifikia jicho, saa kinapofika, na mwanga ambao mtu aliupata mchana.

Homoni inayotangaza usiku mwilini, melatonini, ilitambuliwa na Aaron Lerner na wenzake mwaka 1958. Mwaka 1980 Alfred Lewy alionyesha kwamba mwanga mkali huizuia kwa binadamu, na mwaka 2001 makundi mawili, la George Brainard Marekani na la Kavita Thapan Uingereza, yalipima rangi moja baada ya nyingine na kukuta mawimbi ya bluu, karibu nanomita 460, yakiizuia kuliko mengine. Sababu ilionekana mwaka uliofuata. David Berson na wenzake walieleza chembe za retina ambazo kazi yake kubwa si kuona. Zina rangi asilia iitwayo melanopsini, husisimka zaidi karibu na nanomita 480, na hupeleka habari kwenye saa kuu ya mwili iliyo ndani ya ubongo. Mwanga mwekundu, wa nanomita 600 na kuendelea, karibu hauzigusi. Balbu nyeupe ya LED kwa kawaida ni kipande kinachotoa bluu, kilichofunikwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Jicho huona weupe, lakini bluu haijaondoka. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuivumbua LED ya bluu, na walistahili, kwa maana taa hiyo imewaokoa mamilioni ya watu na moshi.

Hesabu ya chumba kimoja inaonyesha ukubwa wa badiliko hili. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa, na laksi ule unaofika mahali fulani. Koroboi hutoa mwanga wa lumeni 10 hivi. Aliyekaa mita moja kutoka kwake hupata usoni chini ya laksi 1, na kwa kuwa mwali wake ni wa njano iliyoiva, sehemu inayoigusa melanopsini ni kama robo ya hiyo au pungufu. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi; ikining'inia mita mbili kutoka usoni huleta laksi 16, kabla ya kuhesabu mwanga unaorudishwa na kuta. Nyumba ya udongo yenye kuta nyeusi kwa moshi hurudisha mwanga kidogo. Iliyopigwa lipu na rangi nyeupe hurudisha mwingi, kwa hiyo familia iliyojenga nyumba bora na kuvuta umeme imepandisha kipimo mara mbili kwa mpigo. Ikiwa boksi la balbu limeandikwa 6500K, alama ya mwanga mweupe wenye bluu nyingi, karibu asilimia 90 ya laksi hizo zinahesabika kwa melanopsini, yaani kama 14. Ikiwa limeandikwa 2700K, mwanga wa kuelekea njano, ni chini ya nusu, yaani 7 hivi. Mwaka 2022 wataalamu wa kimataifa walioongozwa na Timothy Brown walipendekeza zisizidi 10 katika saa tatu kabla ya kulala. Katika mfano huu namba iliyo kwenye boksi ndiyo inayomweka mtu huku au kule kwenye mpaka, na kuisoma dukani hakugharimu kitu.

Wapo wanaosema jambo hili la rangi limekwisha kukanushwa. Wanataja jaribio la Basel, Uswisi, lililoongozwa na Christine Blume na kuchapishwa mwaka 2023, ambamo watu 16 walikaa kwenye mwanga uliogeuzwa kati ya bluu na njano, na saa zao za mwili hazikutofautiana. Jaribio hilo ni zuri, ila lisomwe kwa makini: watafiti walihakikisha melanopsini inasisimuliwa kwa kiasi kilekile katika kila rangi. Lililokanushwa ni kwamba rangi kama jicho linavyoiona inatosha kuchelewesha usingizi. Halikukanushwa kwamba mwanga wenye nguvu nyingi karibu na nanomita 480 huuchelewesha. Tofauti hiyo inamhusu kila mwenye simu. Kugeuza kioo cha simu kiwe cha njano huku kikibaki kikali hakuleti nafuu ya maana, na utafiti wa mwaka 2019 juu ya vishikwambi ulionyesha hivyo. Kupunguza ukali wa kioo na kukiweka mbali na uso kunaleta zaidi. Kuhusu miwani ya kuzuia bluu, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2023 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inaboresha usingizi, kwa hiyo sioni sababu ya mkulima wa Kabuku kutoa fedha yake kwa ajili hiyo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka Tanzania yenyewe. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi vya jamii tatu zisizotumia umeme, wakiwamo Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi. Watu hao hawakulala jua lilipozama. Walikaa macho wastani wa saa tatu na zaidi, na usingizi wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, usioshinda ule wa wenye taa. Basi taa ina kosa gani? Jibu ni kwamba kukaa macho baada ya magharibi ni desturi ya kale ya binadamu, na hakuna anayeilaumu taa kwa hilo. Wahadza walikaa kando ya moto, mwanga usioichokoza melanopsini, na usingizi wao ulifuata kushuka kwa joto la usiku. Karibu nasi, Msumbiji, mji wa Milange wenye umeme ulilinganishwa na kijiji cha Tengua kisichokuwa nao, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017: watu wa mjini walichelewa kulala, ila hawakulala muda mfupi zaidi. Nakubali matokeo hayo yote, na yananifanya nipunguze sauti: taa nyeupe huusogeza usingizi mbele, haiufupishi. Lakini usingizi uliosogezwa hauna madhara kwa yule tu anayeweza kuamka amechelewa. Mkata mkonge wa Magunga anayetakiwa shambani alfajiri hana nafasi hiyo, wala mwanafunzi anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule.

Lipo pia pingamizi la jua. Wilaya hizi ziko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni, na mwanga wa adhuhuri hufika laksi 100,000. Majaribio yameonyesha kwamba aliyeshinda kwenye mwanga mwingi huathirika kidogo na taa ya usiku. Kwa mlima mahindi wa Sindeni hilo ni kinga ya kweli. Haliwafuniki wote. Mwenye duka la Segera aliyekaa ndani ya kontena mchana kutwa, mshonaji na karani wa ofisini Korogwe mjini, hao hawakuliona jua hilo. Tena watu hawafanani: utafiti wa Australia wa mwaka 2019 ulikuta tofauti ya zaidi ya mara 50 kati ya mtu na mtu katika wepesi wa kuathiriwa na taa ya jioni, na watoto huathirika kuliko wazazi waliokaa nao chini ya balbu ileile.

Yapo pia mambo yasiyo ya taa: joto la paa za bati mjini Korogwe, na mechi za Ulaya zinazoonyeshwa usiku kwenye vibanda umiza, huwakesheza watu pasipo kuhitaji bluu yoyote. Anayetaka kupima athari ya taa peke yake azingatie hayo kwanza.

Hakuna kati ya haya linalotetea koroboi. Moshi wake huumiza mapafu, na koroboi ikianguka huunguza watoto na nyumba. Swali ni LED ipi, na iwekwe wapi. Mwanafunzi anahitaji mwanga mwingi juu ya daftari, si machoni, kwa hiyo taa ndogo ya 2700K iliyoinamishwa mezani humtosha kusoma huku uso wake ukipata sehemu iliyorudishwa na karatasi tu. Katika mabweni, taa inayobaki ikiwaka kwa ajili ya usalama inafaa iwe ya njano au nyekundu na ikae korido, kwani pendekezo la mwaka 2022 kwa chumba ambacho watu wamekwisha kulala ni laksi 1, kwa kipimo kilekile cha melanopsini.