Tarakimu za Mababu

Tunapopanga kurasa za jarida letu hapa Langley Park, hatuzipambi tarakimu moja moja. Tangu 2008, InDesign hupokea kanuni: tafuta 0 hadi 9, zipe rangi au umbo hili. Lakini wazee wa Pate na Lamu, walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, walitumia ٠ hadi ٩. Kanuni hiyo huzipita kana kwamba si namba. Kumbe zote asili yake ni India: Waarabu walizipokea, kisha Fibonacci akazieneza Ulaya kwa kitabu chake cha 1202. Basi wenzetu, tukichapa tenzi za kale kwa hati zake, tuongeze ٠ hadi ٩ katika kanuni, tarehe za mababu zisiachwe nyuma.