Nywele katika potopoto

Mgeni anayefika Burungu na vilima vingine vya Masisi huona kwanza nyumba za mbao na mabati. Lakini kule ndani bado zipo nyumba za miti na potopoto, na ndizo tunazotaka kusema kidogo juu yake.

Udongo peke yake una kichwa kigumu: ukikauka unajikunja, unapasuka, na mvua ya kwetu haingojei mtu. Kwa hiyo wazee walikata majani makavu vipande vifupi, wakayatia katika udongo wenye maji, wakakanyaga kwa miguu mpaka vikashikana. Mwenye ng'ombe alipaka mavi yake juu. Pale ufa unapotaka kufunguka, nyuzi za majani zinashika pande zote mbili. Ile njo kazi yake. Msomaji wa Biblia atakumbuka Kutoka, sura ya 5: Farao aliwanyima Waisraeli majani, lakini hesabu ya matofali ikabaki ile ile!

Ulaya, mafundi walitia manyoya ya mbuzi, ng'ombe au farasi katika lipu ya chokaa. Siku hizi watafiti wanajaribu hata nywele za watu katika udongo na beto. Unywele ni mwembamba, lakini ukivutwa haukatiki upesi, tena hauozi haraka kama jani. Shida yake ni kujiviringa: ukitia nyingi, zinafanya donge na ukuta unadhoofika.

Kwetu kuna kizuizi kingine. Wengi wetu tulifundishwa na mama zetu kuficha nywele baada ya kunyolewa, adui asizitumie kwa uchawi. Nywele ni mtu mwenyewe. Sasa, ukuta wenye nywele za watu usiowajua, nani atalala ndani?

Linalotuuma zaidi ni lingine. Tangu vita vya 1993, vilivyoanzia Ntoto katika Walikale na kuingia Masisi, watu wamekimbia na kurudi mara nyingi. Anayerudi kutoka chini ya shitingi anajenga mbio mbio. Majani hayakatwi, potopoto haikanyagwi vya kutosha, na watoto wanalala kando ya ukuta wenye nyufa.

Kuhusu nywele zinazofagiwa kila jioni saluni, mwenye kutaka kujaribu aondoe kwanza meshi za plastiki, kisha aanze na kibanda cha mbuzi.