Mashimo ya Wakelti na Shamba la Butser

Kwa muda mrefu wanazuoni wengi wa Uingereza waliamini ya kuwa watu wa Zama za Chuma nchini mwao, wale tuwaitao Wakelti, waliishi mashimoni mithili ya panya buku. Katika ardhi ya chokaa ya kusini yalionekana mashimo mengi, na ndani yake mifupa, vigae na taka za jikoni. Nyumba hazikuonekana, kwani mti huoza. Mnamo 1938 na 1939 Gerhard Bersu, Mjerumani aliyeondolewa kazini na Wanazi, alifukua Little Woodbury karibu na Salisbury. Alitambua kwamba madoa ya udongo yaliyojipanga duara ni alama za nguzo za msonge mkubwa, na kwamba mashimo yale yalikuwa ghala za nafaka.

Je, nafaka yaweza kukaa ardhini katika nchi ya mvua na baridi isioze? Shamba la Butser, huko Hampshire, lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kujaribu mambo kama hayo kwa mikono, na tangu 1972 msimamizi wake akawa Peter Reynolds. Yeye alijaza shayiri shimoni, akaliziba kwa udongo. Punje za kandoni zilichipua, zikamaliza oksijeni na kutoa hewa ya ukaa; zilizobaki zikalala. Shimo lilipofunguliwa baada ya majira ya baridi, shayiri ilifaa kuliwa, na hata kupandwa.

Mwaka 1976 ikajengwa nyumba kwa kufuata matundu ya nguzo yaliyofukuliwa Pimperne, Dorset: upana karibu meta 13, kuta za fito na udongo, paa la majani. Wachoraji wa vitabu walizoea kuacha tundu kileleni ili moshi utoke. Kumbe tundu hilo lingevuta cheche na kuteketeza paa. Moshi hujipenyeza wenyewe katika majani. (Bibi yeyote aliyepika ndani ya msonge angaliwaambia hayo bila malipo.)

Hata hivyo, jaribio huonyesha lililowezekana tu, si lazima lililokuwa. Nyumba ya Butser yatufundisha uzito wa paa na njia ya moshi. Hadithi zilizosimuliwa kando ya moto ule hazikuacha tundu udongoni. Tangu 1991 shamba lipo Chalton, na huko wanafunzi hukandika kuta kwa mikono yao.