Jogoo la shamba lililowika Washington

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Maurice Hilleman, mtoto wa shamba aliyelelewa kati ya kuku huko Montana, Marekani, aliwika mpaka viwanda vikaamka.

Tarehe 17 Aprili 1957, akiwa mtafiti katika taasisi ya jeshi ya Walter Reed jijini Washington, alisoma gazetini kwamba mafua makali yameikumba Hong Kong. Kina mama walikuwa kwenye foleni zahanati, watoto mgongoni, macho yamewalegea kwa homa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa na mtandao wa kufuatilia mafua tangu mwaka 1952, lakini China, ugonjwa ulikoanzia, haikuwamo. Kwa hiyo habari ilimfikia mtaalamu kwa njia ile ile iliyomfikia mnunuzi yeyote wa gazeti.

Hilleman hakungoja. Aliagiza sampuli kupitia maabara ya jeshi la Marekani nchini Japani, nayo ikamfikia katikati ya Mei. Alikiotesha kirusi katika mayai, kisha akakipima kwa damu za watu wengi. Karibu wote hawakuwa na kinga. Waliokuwa nayo ni wazee wachache wa miaka 70 na 80, manusura wa janga la mafua la 1889 na 1890.

Akatangaza kwamba ugonjwa ungeikumba Marekani Septemba, shule zikifunguliwa. Wengi walimpuuza. Alivipelekea viwanda vya chanjo kirusi hicho moja kwa moja, pamoja na ujumbe ambao ofisini ungechekesha: waambieni wafugaji wasichinje majogoo. Chanjo ya mafua hukuzwa ndani ya mayai yenye kiinitete, na bila jogoo mayai ya namna hiyo hayapatikani. Yeye alijua kuwa msimu wa kutotolesha ukiisha, majogoo huishia sufuriani.

Septemba ilipofika, mafua yalipamba moto. Kufikia mwisho wa mwaka dozi zipatazo milioni 40 zilikuwa tayari. Hata hivyo, Wamarekani wanaokadiriwa kuwa 70,000 au zaidi walikufa, na duniani kote waliokufa wanakadiriwa kuzidi milioni moja. Chanjo ilipunguza maafa, haikuyazuia. Miezi minne kati ya Mei na Septemba ilikuwa michache.

Leo mtandao wa WHO una maabara katika nchi zaidi ya 100, zikiwemo Kenya na Uganda, na China imo. Lakini chanjo nyingi za mafua bado hukuzwa ndani ya mayai, na mafua ya ndege ya H5N1, ambayo wataalamu wanayahofia, huua kuku kwanza. Janga linaloogopwa linaweza kuanza kwa kuangamiza kiwanda cha dawa yake. Nchi inayojiandaa kwa dhati ianzie bandani: imlinde kuku, imsikilize mfugaji anaporipoti vifo, na itafute njia ya kutengeneza chanjo isiyotegemea yai.