Nyumba imekarabatiwa, cheti cha kaunti bado: Mnunuzi afanyeje?

Rangi ni mpya, vigae vinang'aa, na dalali anahimiza malipo kabla mteja mwingine hajatokea. Ndivyo zinavyouzwa nyumba nyingi kuukuu jijini Nairobi baada ya kuongezwa vyumba au ghorofa. Hati miliki, ambayo wanunuzi wengi huikagua kwanza, hutaja ardhi na mwenyewe. Haisemi lolote kuhusu ghorofa iliyoongezwa.

Idhini ya ujenzi hutolewa na serikali ya kaunti. Chini ya sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi, anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela miezi isiyozidi miwili, au adhabu zote mbili. Aidha, anaweza kuamrishwa kuirejesha ardhi katika hali yake ya awali. Nyumba ikiwa imekwisha kuuzwa, hasara ya ubomoaji humwangukia anayeishi humo.

Kazi ikikamilika, wakaguzi huthibitisha kwamba ramani ilifuatwa, ndipo cheti cha ukaaji kitolewe. Hapa ndipo mambo hukwama. Pengine fundi alihamisha ngazi na ramani sharti irekebishwe. Pengine hapakuwa na ukaguzi wakati wa ujenzi, na sasa vyuma vya nguzo vimezikwa ndani ya zege.

Wauzaji hupenda kutaja siku 60. Ni kweli kwamba ombi la kibali likikaa muda huo bila jibu la maandishi, sheria hulichukulia kuwa limekubaliwa. Lakini kanuni hiyo inahusu kibali cha ujenzi; cheti cha ukaaji ni jambo jingine. Ombi likikataliwa, mwombaji ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango.

Kinga ya mnunuzi imo katika mkataba wa mauzo. Kwa kawaida hulipa amana ya asilimia 10, na mauzo hutakiwa kukamilika kwa siku 90. Kalenda haingoji ofisi za kaunti, na barua ya mkopo wa benki nayo ina mwisho wake. Kwa hiyo wakili wa mnunuzi adai siku hizo zianze kuhesabiwa cheti kitakapowasilishwa, au sehemu ya bei ishikiliwe na mawakili hadi kipatikane. Pia iandikwe tarehe ambayo, ikipita bila cheti, mnunuzi aweza kujitoa na kurejeshewa amana yake yote. Muuzaji anayeapa kwamba cheti kitatoka “wiki ijayo” hana sababu ya kukataa kifungu hicho.

Kabla ya kutia sahihi, mnunuzi aombe nakala ya ramani zilizoidhinishwa na kuzilinganisha na kumbukumbu za kaunti. Kisha aingie nazo ndani ya nyumba, akiandamana na msanifu majengo au mhandisi aliyesajiliwa, na kuhesabu chumba kwa chumba. Jiko lililosogezwa hadi ukutani kwa jirani huonekana papo hapo.

Ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini, hauna haja ya kuharakishwa kabla ya hayo kutatuliwa. Muuzaji akitoa funguo mapema, masharti ya kukaa humo yaandikwe, ikiwemo nani atagharimia marekebisho ambayo mkaguzi ataagiza.