Muhogo katika Bakuli la Urojo

Wageni wengi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar huanzia Forodhani. Picha moja mbele ya Beit al-Ajaib, nyingine Ngome Kongwe, basi. Mimi nashauri uanzie Mkunazini, tena kabla hujala.

Soko la watumwa lilikuwa hapo hadi Juni 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga baada ya Waingereza kumtishia kwa manowari zao. Desemba ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana. Aliyelisimamia, Askofu Edward Steere, amezikwa nyuma ya madhabahu. Sisi wapenda vitabu tunamjua kwa kazi nyingine: ndiye aliyekusanya ngano za Waunguja na kuzichapa London mwaka 1870. Nje ya kanisa kuna sanamu za Clara Sörnäs, watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Watu hushuka kwenye mabasi wakipiga soga, wakifika pale wananyamaza.

Ukitoka hapo shuka pwani. Seyyid Said alipohamishia makao yake huku kutoka Maskat, karne ya 19, alikuja kwa ajili ya biashara, na karafuu zikawa ndiyo utajiri wenyewe. Karafuu zilichumwa na watumwa. Katika jumba la makumbusho la Mizingani kuna chumba cha binti yake, Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Kitabu kitamu, sikatai. Lakini kina sura nzima kuhusu utumwa, na humo Bibi Salme anautetea. Wanaomsifu mitandaoni sijui kama huwa wanafika kwenye sura hiyo.

Jirani tu ndipo Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883 ili watu washangae, na kweli walishangaa: taa za umeme, nguzo za chuma, baraza pande zote. Ilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika hata saa nzima. Kilichoiangusha ni uchakavu. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja uliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Mara ya mwisho nilipopita nilikuta mabati yameizunguka.

Sasa njaa. Jioni Forodhani kuna pweza, mishkaki, na ile "pizza" ya kukaangwa ambayo mimi naipita tu. Natafuta urojo. Bakuli linatiwa viazi, bhajia, kachori, mishkaki, yai, chatne ya nazi, kisha uji wa manjano wenye ukali wa embe au ndimu. Juu kabisa, chipsi za muhogo zilizosagika kidogo.

"Nikutilie pilipili?"

"Tia, na muhogo uzidishe."

Bhajia na kachori zimetoka Bara Hindi, hilo kila mtu atakwambia kwa fahari. Muhogo hausemwi sana. Asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioileta mbegu yake Afrika, na pilipili vilevile. Katika mashamba ya karafuu watumwa walipewa vikonde vya kujilimia chakula chao, na muhogo ndio waliopanda zaidi. Majumba ya pwani yanataja majina ya masultani hadi leo. Waliochuma karafuu zilizoyalipia hawana jumba hapa, wana lile shimo la Mkunazini.

Halafu huu muhogo. Unaliwa na kila mtu, mtoto wa shule, mbunge, mtalii, umesimama, kijiko mkononi. Ule upesi, lakini. Ukichelewa, chipsi zinalowa na urojo wote unaharibika.